Miche ya kujazia: kisa cha kuoza kwa mizizi ya parachichi Rungwe

Shamba liko kwenye mteremko kusini mwa mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ekari zisizofika tatu, lote parachichi aina ya Hass. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na kijijini hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu. Jina lake sitalitaja, wala la kitalu alikonunua miche, kwa kuwa sina nia ya kumshtaki mtu. Nataka kueleza jinsi ugonjwa ulivyoingia, jinsi ulivyodhaniwa kuwa kitu kingine kwa misimu miwili, na kwa nini naamini watafiti wa vyuo vikuu wanaoshughulika na afya ya miti ya matunda waanze kazi yao kitaluni, wasisubiri kuitwa mti unapokauka.

Dalili ya kwanza haikufanana na dalili. Miti michache ya sehemu ya juu ya shamba ilizaa kuliko mingine yote, matawi yakainama. Mwalimu alifurahi, na nani asingefurahi? Lakini matunda hayakukua. Yalipofika kwa mnunuzi mengi yalirudishwa kwa udogo, na mengine kwa sababu yalikuwa yameungua na jua upande mmoja. Kule kuungua kulikuwa na maana yake: majani ya juu yalikuwa yameshaanza kupukutika, na matunda yaliyozoea kivuli yakabaki wazi. Mparachichi ulioshambuliwa mizizini mara nyingi hufanya hivyo. Hubeba matunda mengi madogo huku majani yakipungua, na mkulima huhesabu kuwa ni mwaka wa neema.

Msimu uliofuata majani mapya yalitoka madogo, rangi imefifia, yamelegea kama ya mti wenye kiu. Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kabisa nchini. Yako maeneo yanayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mti kuonyesha kiu mwezi wa Aprili, wakati mfereji wa barabarani unafurika, ni jambo la kumfanya mtu asimame aulize.

Mwalimu hakukaa bure. Rangi ilipofifia aliweka urea. Majani yalipolegea alichimbua udongo kuzunguka mashina ili mizizi ipate hewa, akarudishia pamoja na samadi. Jirani yake, ambaye hulima viazi huko juu Isongole, alimshauri apulize mankozebu, dawa ya ukungu, akapuliza. Ukimsikiliza akieleza unaona kila hatua ilikuwa na sababu, na mimi siwezi kumlaumu kwa hata moja. Tatizo ni kwamba kila hatua ilikwenda kwenye dalili iliyoonekana kwa macho. Mbolea haina faida kwa mti ambao mizizi ya kuinyonya imeshaoza. Mizizi laini ya mparachichi, ile inayolisha mti, sehemu yake kubwa iko kwenye sentimita 20 za juu za udongo, kwa hiyo jembe la kuzunguka shina lilikata hata ile iliyokuwa imebaki. Na mankozebu hukaa juu ya jani liliponyunyiziwa. Haisafiri kushuka mizizini.

Afisa ugani wa kata alipofika, msichana aliyemaliza chuo si zamani, alifanya jambo moja ambalo ningetamani liwe desturi ya kila anayekanyaga shamba la miti. Hakutazama majani kwanza.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba nianzie chini."

"Marahaba, binti yangu. Chini kuna nini? Ugonjwa si huo hapo juu?"

Alipiga magoti pembeni mwa kivuli cha mti mmoja uliokuwa mzima, akaondoa majani makavu kwa mkono na kufukua udongo kwa vidole, bila jembe. Mizizi laini ilikuwa mingi, rangi ya maziwa, mingine imepanda hadi ndani ya majani yanayooza. Kisha akaenda kwenye mti uliolegea akafanya vilevile. Ilimchukua muda kupata hata mizizi michache. Aliyoipata ilikuwa myeusi, mikavu, ikakatika ilipoguswa. Mizizi minene, ile ya unene wa penseli na kuendelea, ilikuwa mizima bila doa. Akamwekea Mwalimu mafungu mawili kwenye kiganja na hakusema neno. Mwalimu ameshika chaki miaka mingi; alielewa somo.

Mizizi laini myeusi na minene mizima ni alama inayoelekeza kwenye kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi. Inaelekeza tu, haithibitishi, na hapa ndipo uchunguzi mwingi huharibika kwa haraka. Yapo mambo mengine yanayoua parachichi katika nyanda hizi. Kuna ukungu wa Armilaria, unaopatikana sana mahali palipofyekwa msitu na visiki vikaachwa ardhini. Huo ukibandua gome la chini ya shina unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Hapakuwa na utando. Kuna mnyauko wa Vetisilia, ambao mara nyingi hukausha tawi moja au upande mmoja kwa ghafla, majani yakabaki yamening'inia yamekauka, na ukipasua tawi unaona michirizi ya kahawia ndani ya mti. Matawi ya Mwalimu yalipasuliwa yakawa meupe. Na kuna maji yenyewe: mizizi iliyozama inakosa hewa, inaoza na kutoa harufu kali ya uvundo. Hili la mwisho ndilo Mwalimu na majirani wote waliliamini. Walisema Hass si ya Rungwe, mvua ni nyingi, mti wa namna hiyo ukapandwe Njombe kwenye baridi na ukavu.

Ni hoja yenye nusu ya ukweli, na wataalamu wa kale waliishikilia pia. Huko California kufifia na kufa kwa miparachichi kulihusishwa kwa muda mrefu na udongo kujaa maji tu, mpaka mwaka 1942 Vincent Wager, mtafiti kutoka Afrika Kusini, alipounganisha kifo hicho na Phytophthora cinnamomi. Kimelea chenyewe kilikuwa kimeshaelezwa mwaka 1922 na Rands, aliyekikuta kwenye midalasini ya Sumatra, na jina lake linatokana na huo mdalasini. Maji peke yake hudhoofisha mti. Maji yenye kimelea hiki huuua.

Kilichotatua fumbo la shamba hili ni daftari. Mwalimu, kwa mazoea ya kazi yake, alikuwa ameandika kila mti: mstari wa ngapi, umepandwa lini, mche umetoka wapi. Afisa ugani alichora shamba kwenye karatasi kubwa na kuweka alama kwenye kila mti mgonjwa. Mwanzoni alama zilionekana zimetapakaa ovyo, jambo ambalo halikubaliani na nadharia ya maji, maana maji hayachagui mti mmoja katikati ya mizima kwenye mteremko wa juu, penye udongo usiotuamisha. Ndipo wakafungua daftari. Miti ile michache ya juu, iliyotangulia kuugua, yote ilikuwa ya kujazia. Miche ya mwanzo, mwaka wa kwanza, mingine ililiwa na mchwa na mingine ikakanyagwa na ng'ombe. Mwalimu akanunua miche mingine kutoka kitalu tofauti ili kuziba mapengo. Na chini ya kila mti wa kujazia, kufuata mkondo wa maji, kulikuwa na kundi la miti ya mwanzo iliyokuwa inaanza kulegea. Kadiri unavyoshuka kundi linapanuka, mpaka mstari wa mwisho kando ya mfereji ambako hakuna mti hata mmoja uliokuwa salama.

Nimeitazama ramani ile mara nyingi. Inaonyesha chanzo na njia kwa pamoja: ugonjwa uliingia ndani ya viriba, ile mifuko ya miche, maji yakausambaza.

Lakini ramani si ushahidi wa maabara, na hapa inafaa nieleze kipimo ambacho kinaweza kufanywa kijijini bila umeme. Kinaitwa kutega kwa chambo, na kimetumika tangu enzi za George Zentmyer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside aliyetumia maisha yake ya kazi kwenye ugonjwa huu. Unachukua udongo pamoja na vipande vya mizizi laini, unaweka kwenye chombo safi, unaongeza maji mpaka yapite juu ya udongo. Kisha unatafuta parachichi bichi, gumu, lisilo na jeraha, unalisimamisha humo nusu ndani ya maji nusu nje. Kimelea kikiwepo, spora zake huogelea mpaka kwenye ganda la tunda, na baada ya siku tatu hadi tano hivi linatokea doa gumu la kahawia kwenye mstari wa maji. Lazima pawe na joto la wastani, nyuzi 24 au zaidi kidogo. Kwa Tukuyu ya mwezi Juni hilo si la kudharau: ukiacha vyombo stoo kwenye baridi hupati doa, na utajidanganya kuwa udongo ni safi. Hapa viliwekwa jikoni kwa mke wa Mwalimu, mbali kidogo na mafiga, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona mabadiliko.

Vyombo vilikuwa vya udongo wa mti mgonjwa, wa mti mzima wa juu, wa njia ya miguu inayokatiza shamba, wa viriba viwili vilivyobaki nyuma ya nyumba na miche iliyodumaa ndani yake, na kimoja cha udongo uliochemshwa kwa ajili ya kulinganisha. Tunda la udongo uliochemshwa lilibaki safi. La mti wa juu lilibaki safi. La mti mgonjwa lilipata madoa, la njia ya miguu pia. Na la viriba, ambavyo havijawahi kugusa udongo wa shamba, lilipata madoa mapema kuliko yote. Vipande vya ganda vilipelekwa maabara ya chuo kikuu vikaoteshwa kwenye sahani zenye dawa ya kuzuia bakteria na kuvu, na kwenye hadubini zikaonekana nyuzi zenye vinundu vilivyoshikana kama matumbawe, umbo ambalo ni utambulisho mkubwa wa Phytophthora cinnamomi.

Inafaa kukijua kiumbe hiki, kwa sababu tiba yake inatokana na tabia zake. Watu hukiita ukungu, lakini hakimo katika ukoo wa kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini, na ukuta wa seli zake umejengwa kwa selulosi kama ilivyo kwa mimea. Ndiyo maana dawa nyingi za ukungu hazikigusi. Wakulima wa viazi wa Uporoto wanamfahamu ndugu yake, yule anayekausha shamba la viazi ndani ya siku chache za ukungu na mvua. Tofauti ni kwamba yule wa viazi huruka hewani kutoka jani hadi jani, na huyu anakaa udongoni. Hutoa spora zenye mikia zinazoogelea kwenye maji yaliyojaa katikati ya chembe za udongo, na udongo ukikauka hutengeneza nyingine zenye ganda nene zinazoweza kusubiri miaka. Hasafiri mbali kwa nguvu zake. Anabebwa: kwenye kiriba, kwenye jembe, kwenye soli ya buti, kwenye kwato, kwenye maji ya mto yanayomwagilia kitalu. Kule Australia Magharibi amekausha misitu ya mikaratusi aina ya jara, na udongo ulioganda kwenye magari na mitambo ulikuwa njia yake kuu. Sisi tuliozungukwa na mashamba ya miti kuanzia Mufindi hadi Njombe, na ambao sasa tunapanda makadamia, mti ambao nao huushambulia, tuna sababu ya kumtazama kwa jicho kali.

Kuhusu matibabu nitakuwa mkweli: hakuna dawa inayomtoa kabisa kwenye udongo wa shamba. Kinachowezekana ni kuupa mti nafasi ya kuotesha mizizi haraka kuliko inavyoliwa. Kwa Mwalimu kazi ilianza na maji. Maji ya barabarani yaliyokuwa yakiingia shambani kupitia kona ya juu yalikingwa na kuelekezwa kwenye mtaro wenye nyasi, na makinga maji yakachimbwa kukata mteremko. Kisha matandazo. Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji duka. Watafiti huko Queensland, Australia, waligundua tangu miaka ya 1970 kuwa yapo mashamba ambayo kimelea kimo lakini miti haifi, na siri ilikuwa udongo wenye mabaki mengi ya mimea. Viumbe wanaoozesha vijiti na mabua hutoa vimeng'enya vya kuvunja selulosi, na selulosi ndiyo ukuta wa adui. Kwa hiyo tandazo lenye vijiti, maganda na mabua, nene la kutosha, lisiloligusa shina, hulisha mti na kumla adui papo hapo. Rungwe kuna majani ya migomba na mabua ya mahindi ya kumwaga. Kinachopungua ni vijiti, na hivyo vilitoka kwenye matawi yaliyopogolewa ya miti ya kivuli. Palizi ya jembe ilisimama, nyasi zinafyekwa.

Miti iliyokuwa bado na zaidi ya nusu ya majani ilichomwa sindano ya fosfonati kwenye shina. Dawa hii ina sifa adimu ya kusafiri juu na chini ndani ya mti, kwa hiyo ukiiingiza shinani inafika mizizini. Saa yake ni pale majani mapya yanapokuwa yamekomaa, wakati mti unapopeleka chakula chini. Ukichoma wakati wa machipukizi machanga inakwenda juu na kupotelea huko. Yeyote anayetaka kuitumia ahakikishe kwanza kwamba bidhaa anayouziwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na amuulize mnunuzi wake, kwa kuwa masoko ya nje hupima mabaki kwenye tunda. Miti iliyobaki na vijiti vitupu iling'olewa. Mwalimu aliomba iachwe mmoja, uliozaa wa kwanza. Afisa ugani alimwambia, "Mwalimu, ukiuacha huo unaendelea kuwalisha hao wadudu wako," naye akautoa mwenyewe kwa panga.

Matokeo baada ya mvua za mwaka mmoja yanatia moyo, ingawa si ya kusherehekea. Miti mingi iliyochomwa sindano na kutandazwa imetoa majani makubwa ya kijani kilichokolea, na ukifukua tandazo unakuta mizizi ya rangi ya maziwa. Ile ya mstari wa mfereji imeendelea kufa pamoja na dawa yote.

Sasa kitalu. Mwenye kitalu, ambaye alikubali kutembelewa na nampa heshima kwa hilo, alikuwa akijaza viriba kwa udongo aliouchota chini ya miparachichi mikubwa ya kienyeji kwa sababu ni mweusi na una rutuba. Kokwa aliziokota chini ya miti hiyohiyo. Maji yalitoka kijito. Viriba vilipangwa chini kwenye ardhi tupu, mvua ikinyesha matope yanaruka. Njia nne za kuingia, na hakuna hata moja ambayo angeweza kuiona kwa macho, maana mche kitaluni hunyweshwa kila siku na mizizi yake ikiwa nusu tu inatosha kuuweka kijani. Mnunuzi aliukagua, akaona Hass iliyobebeshwa vizuri, akalipa.

Kurekebisha haya hakuhitaji utajiri. Kokwa zichukuliwe kwenye matunda yaliyochumwa mtini, na zilowekwe kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30, kisha zipozwe. Hapo kipimajoto ni lazima, kwa kuwa ukizidisha unaua kokwa na ukipunguza unaacha kimelea. Udongo upikwe kwa mvuke kwenye pipa. Viriba vikae juu ya chanja. Maji ya kijito yatiwe klorini au yaachwe kabisa.

Na chuo kikuu kifanye nini? Tumezoea utafiti wa kuhesabu ugonjwa mashambani: asilimia ngapi ya miti, wilaya gani, kisha tasnifu inajalidiwa. Una faida yake. Ila ningependa mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili apewe kazi ya kuzunguka vitalu vya Rungwe, Busokelo na Njombe na beseni za chambo, kila kitalu kabla ya miche kutoka. Na mwingine apewe kazi ndefu zaidi: kutafuta mashina yanayostahimili. Kikonyo cha Hass, kile kinachobebeshwa juu ya shina jingine, hakina kinga yoyote. Hata mti mama wa Hass kule La Habra Heights, California, ambao Rudolph Hass aliuwekea hataza mwaka 1935, ulikufa kwa kuoza mizizi mwaka 2002. Kinga iko kwenye shina la chini, linalobeba kikonyo. Duke 7 ya California na Dusa ya Afrika Kusini ni mashina ya namna hiyo, na Dusa ilitokana na mti uliobaki hai mahali ambapo mingine ilikuwa imeoza. Rungwe ina miparachichi ya kienyeji iliyozeeka kwenye viwanja vya watu, penye maji, penye ng'ombe. Baadhi imesimama huku jirani zake wamekufa. Hiyo inapaswa kuandikwa, kupimwa na kuzalishwa, na si kwa kokwa, kwa kuwa kokwa ya parachichi haizai mfano wa mama yake. Kwa vipandikizi, kazi ngumu na ya gharama ambayo mwenye kitalu wa kijijini hawezi kuibeba peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya taasisi zenye maabara na mishahara.

Kipande cha chini kando ya mfereji hakitapandwa parachichi tena. Mwalimu anataka migomba, ambayo kimelea hiki hakina habari nayo. Afisa ugani amekubali kwa sharti kwamba machipukizi yachukuliwe kwenye shamba atakalolikagua yeye kwanza, shina kwa shina, na kwamba yamenywe mizizi na udongo wote huko huko kabla hayajapandishwa kwenye pikipiki.